Mbegu za Makunyanzi

Enyi watu wa bonde, na ninyi mlioolewa huku mkakuta mambo haya yameshapita, tulieni niwaeleze habari za Privatus na shemeji yake Petronila. Si habari nzuri. Wengine wenu mlikuwepo, na najua mtainamisha vichwa nikifika katikati. Inamisheni tu, lakini msikilize mpaka mwisho.

Upande wetu wa Muleba mnaujua. Juu kule Buganguzi migomba ni ya kijani mwaka mzima. Ukiteremka mpaka kwetu, kwenye rweya, nyika ya majani makavu, mvua inakata mwezi wa Mei, na ikirudi Septemba inarudi kwa kusitasita. Ndiyo maana tulichimba mfereji kutoka mtoni, kila nyumba ikapewa siku yake ya maji. Pale mfereji unapogawanyika uliwekwa mlango wa mbao. Mbao hiyo ilikuwa kifuniko cha sanduku la risasi ambacho Gamaliel, mdogo wake Privatus, alikileta aliporudi kutoka vitani mwaka sabini na tisa. Alikiranda mwenyewe, akakitia mnyororo na kufuli, kisha ufunguo akampa kaka yake, kwa kuwa kijiji kizima kilimwona Privatus kuwa mtu wa haki.

Kiangazi cha mwaka themanini na nane kilituanzia kwa amani. Gamaliel alikuwa na miaka miwili kaburini. Aliuawa na ukimwi, ugonjwa ambao huku tuliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyovushwa mpakani baada ya vita, maana wafanyabiashara wa vitambaa hivyo ndio waliotangulia kufa. Alimwacha mjane wake Petronila na binti yao Paskazia, msichana wa miaka kumi na tisa. Petronila mwenyewe alikuwa amepungua mwili na alikohoa asubuhi. Kazi hakuacha.

Siku yake ya maji ilikuwa Jumamosi. Alifungua saa kumi jua likipoa, na kabla ya kengele ya jioni ya kigangoni alikuwa amemaliza. Hapo alisimama kwenye tuta, akaita upande wa pili wa mfereji, kwa mke wa Privatus, kwa heshima ya huku kwetu, mwanamke ni Ma na mwanamume ni Ta.

"Ma Celina, sisi huku tumekunywa tukashiba. Geuza yaliyobaki yaje kwako."

"Umeshamaliza? Mume wangu anachukua siku nzima na bado analalamika."

"Ta Privatus anamwagilia njia na vichaka. Mimi namwagilia mizizi."

Walicheka wote wawili, na Privatus aliyekuwa ameegemea jembe lake alicheka pia. Nataka mkumbuke kwamba alicheka. Hapakuwa na ugomvi kati ya nyumba hizi mbili, na nusu ya mboga zilizopikwa kwa Privatus kiangazi kile zilioteshwa kwa maji ya mjane.

Shamba la Petronila lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na akili. Bwana shamba wetu, Kristofa, alimletea mbegu ya mahindi matamu, yale yanayoliwa mabichi, ya kuchemsha na kuchoma. Alimfundisha kuyapanda kwa mraba, mistari mifupi iliyokaribiana, ili chavua ya mmoja ifike kwa mwenzake. Alimwambia ayaweke mbali na mahindi ya kawaida ili yasichanganyike yakapoteza utamu. Katikati ya mistari Petronila alitandaza majani makavu ya migomba, jua lisipate pa kunyonya unyevu. Maji aliyapitisha mfuo mmoja akaruka mmoja, na wiki iliyofuata akabadilisha. "Uyabane maji siku zote," Kristofa alimwambia, "isipokuwa wakati mmoja. Yakianza kutoa mbelewele na nywele, usiyanyime hata tone. Wiki mbili hizo ndizo zinazoamua kama utavuna mahindi au utavuna magunzi."

Privatus alikuwepo siku ya kupanda. Alikuwepo, ndugu zangu, na ndipo habari yote inapokaa. Kristofa alifungua kopo la mbegu, Privatus akatazama ndani, akarudi nyuma. Punje zilikuwa zimekunjamana, nyembamba, zina makunyanzi kila upande.

"Hizi zimekufa," alisema.

"Hazijafa," Kristofa alimjibu. "Ndivyo zilivyo. Mahindi ya kawaida yakikauka hujaa unga, yanabaki laini. Haya yana sukari zaidi na unga kidogo, basi yakikauka yanajikunja. Ziloweke usiku mmoja tu, utaona."

Waliziloweka. Asubuhi Privatus alizichota kwenye bakuli kwa mkono wake mwenyewe, zimevimba na kunenepa, akazidondosha kwenye mashimo mbili mbili huku akimtania shemeji yake kwamba mwaka huu watakula sukari bila kadi ya duka. Yote hayo aliyaona na kuyashika.

Mazao ya kwanza yalikuwa mazuri. Petronila aliyapeleka mpaka Miembeni, Bukoba mjini, kwa mama mmoja mwenye mgahawa, na wachuuzi wa samaki waliotoka visiwani walikuwa wakimuulizia kwa jina. Aliacha mahindi thelathini yakauke shambani kwa ajili ya mbegu, akayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya jiko. Mawili alimpa Celina, ajaribu naye msimu ujao. Halafu akapanda mraba wa pili. Kristofa hakuwepo tena. Alikuwa amepelekwa masomoni Mwanza kwa mwaka mzima.

Mzee Rutashobya, jirani, alikwenda kumjulia hali Petronila siku moja ya Agosti. Alikaa jikoni, akainua macho, akaona mahindi. Yalikuwa yamekauka, na kila punje ilikuwa imejikunja.

Msimcheke Rutashobya. Mwezi ule peke yake alikuwa amezika wana wawili. Miaka ile tulikuwa tunatoka msibani hatujabadilisha nguo tunaitwa msiba mwingine, na macho yetu yalikuwa yamezoea ngozi iliyokauka ikashikamana na mfupa. Mtu aliyeona hayo kila siku alitazama punje zile akaona alichokizoea. Alitoka bila kumaliza kikombe chake cha maji, na kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na maneno. Juliana ameingia kwenye mahindi. Mikono ya mgonjwa imeyaambukiza, na maji yake yanapita mashambani kwetu.

Jumapili baada ya ibada tulikutana kwenye mlango wa maji. Petronila aliitwa, akaja na kanga yake imezungushwa mara mbili kiunoni kwa sababu ya kukonda. Hakubishana sana.

"Mbegu za aina hii zote hujikunja," alisema. "Kristofa alinieleza. Msiponiamini mimi, muulizeni shemeji yangu. Yeye alizipanda pamoja nami."

Watu wote waligeuka kumtazama Privatus. Alikuwa amesimama kando ya mbao ya mdogo wake, ufunguo uko shingoni. Rutashobya alimuuliza kwa adabu, maana alimheshimu.

"Ta Privatus, wewe ni mshika mlango, na huyu ni mke wa marehemu mdogo wako. Ukisema ni salama, tutanyamaza. Unajua nini kuhusu mbegu hizi?"

Alijua kila kitu. Lakini alikumbuka mahindi yake ya kawaida, yaliyopandwa kwa fujo na kuanza kujikunja majani kwa kiu. Alikumbuka kwamba Jumamosi ya Petronila ikifutwa, maji yale yataangukia kwake, kwa kuwa shamba lake ndilo linalofuata. Aliwaona pia wale waliokuwa wamesimama mbali kidogo na mjane, akaogopa kuhesabiwa upande wa wagonjwa. Haya matatu yalimpita kichwani kwa muda mfupi sana.

"Mimi si bwana shamba," alisema.

Basi. Hakusema mbegu ni mbaya. Alikuja kujitetea kwa hilo miezi mingi, kwamba hakutamka uongo. Mnaona alivyochagua maneno yake. Watu waliposikia shemeji mtu hawezi kumtetea, wakaona wamejibiwa. Siku ya Petronila ikafutwa mpaka ijulikane. Vijana wakaenda kuchukua mahindi ya mbegu jikoni kwake, yakachomwa pale pale kando ya mfereji. Yalitoa harufu tamu, na Privatus aliposikia harufu ile alikwenda kusimama upande ambao upepo haukuelekea.

Petronila alimtazama mara moja tu, akarudi nyumbani.

Mraba wake wa pili ulikuwa ndiyo kwanza unatoa mbelewele. Zilikuwa zile wiki mbili ambazo Kristofa alizisema. Siku ya tatu Petronila alikwenda nyumbani kwa Privatus, akakaa nje kwenye benchi, akakataa kuingia ndani.

"Shemeji, sikuja kugombana. Naomba saa mbili za maji. Saa mbili tu, wiki hii na wiki ijayo."

"Watu ndio walioamua."

"Watu walikuuliza wewe."

Privatus alitazama miguu yake. Alisema, "Nikikufungulia, watanivua ufunguo."

"Ufunguo alikupa mume wangu," Petronila alijibu, na sauti yake haikupanda. "Mikono yako nayo ilishika mbegu zile. Mbona wewe hukuugua?"

Privatus alisema atafikiria. Petronila alinyanyuka kwa kujisukuma na mikono, akashika njia. Siku iliyofuata alianza kubeba maji kwa debe kutoka mtoni, akipandisha mteremko, akimimina kikombe kimoja kwenye kila shina. Paskazia alibeba lake, lakini mraba ulikuwa na mashina mia tatu, na jua la Agosti la rweya halina huruma. Celina alikwenda kuwasaidia. Privatus akamkataza. "Usituletee maneno nyumbani," alimwambia, na Celina akatii siku mbili. Siku ya tatu alikwenda bila kuaga. Tangu hapo alimpikia mumewe, akamwekea maji ya kuoga, lakini mazungumzo yakaisha.

Privatus alikuwa na maji ya Jumamosi sasa. Aliyafungulia shambani kwake mpaka yakatuama. Kutoka pale aliweza kuwaona wanawake watatu wakipandisha mteremko na madebe kichwani, na kila walipogeuka upande wake alijifanya anarekebisha tuta. Shemeji yake alianguka mara mbili wiki ile. Mara ya pili alikaa chini muda mrefu, na maji yaliyomwagika yakakauka kabla hajainuka. Privatus aliona. Mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo, ukashuka.

Mahindi ya mraba ule yalikauka na mbelewele zake. Ukimenya, ndani unakuta gunzi na punje tano au sita. Petronila alilala kitandani mwishoni mwa Agosti, hakuinuka tena. Alikufa kwenye mvua za Oktoba, akazikwa kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, kando ya Gamaliel. Ugonjwa wake ulikuwa haujapata dawa, hilo nalijua, na labda angekufa tu. Lakini hakupaswa kufa akiwa mtu aliyeharamishiwa maji. Privatus alichimba kaburi kwa bidii kuliko wote, na watu wakasema ana upendo.

Mwaka uliofuata mto ulipungua. Mwezi wa Juni mfereji ulikuwa umebaki nusu, na mahindi yetu ya kawaida, yanayohitaji miezi mitano, yalikuwa hayajafika kifuani. Njaa tuliiona inakuja. Ndipo Kristofa aliporudi kutoka Mwanza. Tulimkusanyikia kwenye mlango wa maji kama watu waliopata habari njema.

"Msikate tamaa," alisema. "Maji haya nusu yanatosha kwa mahindi matamu, mkiyabana kama alivyofanya Ma Petronila. Chini ya miezi mitatu mtakuwa mnakula. Twendeni kwake atugawie mbegu."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Tulimzika Oktoba."

Kristofa alivua kofia. Kisha akauliza, "Na mbegu zake?"

Rutashobya ndiye aliyemweleza, kwa sababu alikuwa mkweli hata katika ujinga wake. Alimweleza makunyanzi, mkutano, moto. Kristofa alisikiliza uso wake ukibadilika.

"Lakini kulikuwa na mtu anayejua," alisema. "Ta Privatus alikuwepo. Nilimweleza mimi mwenyewe, akaziloweka, akazipanda. Hamkumuuliza?"

Privatus alitaka kusema lile neno lake la zamani, akaacha. Kila mtu pale alikuwa analikumbuka.

Celina alitoka katikati ya wanawake. Alikuwa amekwenda nyumbani na kurudi, mkononi ana kopo la mafuta ya kupikia. Humo ndani mlikuwa na yale mahindi mawili aliyopewa na Petronila, makavu, yamekunjamana. Yalikuwa yamekaa mwaka mzima chini ya kitanda anacholala Privatus. Celina hakumwangalia mumewe. Aliomba bakuli la maji, Kristofa akapukuchua punje kumi na mbili humo, bakuli likawekwa juu ya jiwe kando ya mlango, na watu wakaambiwa warudi asubuhi.

Walirudi wote. Punje zilikuwa zimevimba, makunyanzi yameondoka, nene na za manjano. Kila mmoja alipita akachungulia. Rutashobya alipofika aliingiza kidole majini, akazigusa, akakaa chini kwenye tuta na kufunika uso kwa kofia yake. Usiku mmoja. Bakuli moja la maji. Kila nyumba pale ilikuwa na bakuli.

Privatus alipita wa mwisho. Alivua ufunguo shingoni, akauweka juu ya jiwe. Akasema kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, wakamtaka arudie, akarudia.

"Nilijua. Mliniuliza, nikasema mimi si bwana shamba. Nilijua, na nilitaka maji yake."

Hakuna aliyempiga, wala aliyemtukana. Tungemtukanaje sisi tuliobeba kuni za moto ule? Tulitawanyika kila mtu peke yake.

Alikwenda moja kwa moja kibanjani kwa marehemu mdogo wake. Paskazia alikuwa anafagia karibu na makaburi. Privatus alipiga magoti kwenye majani ya migomba, mtu mzima mbele ya binti wa mdogo wake, akaeleza yote upya, mpaka habari ya mkono uliokwenda kwenye ufunguo ukashuka. Alipomaliza aliomba msamaha. Paskazia aliweka ufagio chini, akaingia ndani. Alitoka na kikombe, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa.

"Mama alisema baba mkubwa akija, nimpe maji ya kunywa," alisema. "Hakuniambia nikujibu nini."

Akaokota ufagio wake. Privatus alikunywa yale maji, akamrudishia kikombe.

Punje za mahindi yale mawili zilitosha mraba mmoja tu, katika shamba la Petronila. Paskazia alizipanda, na Jumamosi ikarudishwa kwake. Mwaka ule njaa ilitushika, tusidanganyane, lakini mbegu iliongezeka, na mahindi matamu mnayoyaona leo kando ya mfereji yametoka kwenye kopo lile. Privatus aliishi miaka mingi. Kila Jumamosi saa kumi alikwenda kuondoa takataka kwenye mfereji wa Paskazia, hakuitwa, hakukaribishwa, akimaliza anaondoka. Watoto walipomuuliza jambo lolote la shamba, hata dogo, alilieleza lote alilolijua.

Tunachojifunza kwa Privatus

Hofu ilitufanya tuone ugonjwa kwenye punje ya hindi. Ugonjwa ule hauambukizwi kwa mbegu, wala kwa maji ya mfereji, wala kwa kikombe cha mgonjwa, na aliyetaka kuhakikisha makunyanzi yale ni nini alihitaji kusubiri usiku mmoja tu. Msihukumu kitu ambacho hamjakiloweka. Na mgonjwa asinyimwe zamu yake. Bado ni mtu, bado ana shamba, na huenda yeye ndiye anayejua jinsi ya kuwalisha.

Lakini fundisho kubwa ni lako wewe unayejua. Ukiulizwa jambo unalolijua, na jibu lako litamwokoa mtu, kunyamaza kwako ni kumfungia maji. Usijifiche nyuma ya maneno yaliyopimwa ukasema hukudanganya. Privatus hakudanganya, na alilikumbuka neno lake lile moja kila Jumamosi mpaka alipokufa.

Mbao ya Gamaliel ingali pale. Ufunguo siku hizi unakaa kwa mwanamke mnayemjua, Paskazia.